Chiti ya Gemu Hutengenezwaje, na Kwa Nini Haifiki Kwenye Aviator

Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria kwenye steji ya Maweni, Malindi, ameyaona mambo mawili kwa macho yake. Amemwona mwenzake akifungua gemu ya PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, kwenye simu, akibandika mistari minne ya herufi na namba, na pesa za ndani ya gemu zikaruka kutoka 350 hadi 9,999. Kisha ameona tangazo la Telegram: tuma pesa kidogo, upewe chiti ya Aviator, ile kamari ya mtandaoni ya ndege inayopaa huku namba ikipanda, itakayokuambia ndege itaondokea kwenye namba gani. Kwa kuwa la kwanza amelishuhudia, la pili linamwingia akilini bila taabu. Huwezi kumcheka, maana nusu ya ushahidi anayo.

Mahubiri ya "achana na mambo ya mtandaoni" hayamsaidii. Mimi ningemkalisha chini nimfundishe kutengeneza chiti moja kwa mkono wake. Akishaimaliza atakuwa ameelewa namba ya gemu hukaa wapi, na hapo ataweza kumpima mwenye tangazo bila kuuliza mtu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Chiti ni maelekezo yanayoifanya gemu itende jambo ambalo mchezaji wa kawaida hangelipata bila jasho: maisha yasiyoisha, risasi zisizopungua, mlango uliofunguka kabla ya wakati. Msimbo ni ule mstari wa herufi na namba unaobeba maelekezo hayo. Emuleta ni programu inayoifanya simu au kompyuta ijigeuze mashine nyingine. Hapa pwani inayojulikana zaidi ni PPSSPP, iliyotolewa mwaka 2012, ambayo huiga PSP ya Sony. Ndiyo maana vijana wanacheza gemu za PSP ilhali wengi wao hawajawahi kuishika PSP yenyewe, mashine iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2004.

Chiti ziko za aina mbili, na watu huzichanganya. Aina ya kwanza huachwa na watengenezaji wenyewe. Mwaka 1986 mtengenezaji wa Kijapani, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alikuwa akiihamishia gemu ya Gradius kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo, akaona ni ngumu mno kuijaribu mpaka mwisho. Akajiwekea njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Gemu ikatoka na njia hiyo ikiwa bado imo ndani, na dunia nzima ikaijua. Chiti za namna hii hazitengenezwi na mchezaji. Mchezaji huzigundua au huambiwa, na gemu ambayo mwenyewe hakuiwekea njia hiyo haina.

Aina ya pili ndiyo yetu leo. Hii haiombi ruhusa ya mtengenezaji. Inaingia kwenye kumbukumbu ya mashine wakati gemu inaendelea, inaitafuta namba na kuibadilisha. Zamani kazi hii ilihitaji kifaa cha kuchomeka: Game Genie iliyobuniwa na Codemasters ya Uingereza, Action Replay ya Datel, na GameShark iliyotamba Marekani. Game Genie ilikuwa na mtindo wake wa kuingilia kati pale mashine inaposoma kaseti ya gemu, lakini hizo mbili nyingine zilifanya kazi kwenye kumbukumbu. Siku hizi emuleta inafanya kazi hiyo yenyewe, bila kifaa cha ziada.

Sasa kumbukumbu ni nini? Nenda Posta ya Malindi utazame ule ukuta wa masanduku ya barua. Kila sanduku lina namba mlangoni, na ndani lina kitu. Namba ya mlangoni haibadiliki, kilichomo ndani hubadilika kila siku. Kumbukumbu ya mashine ya gemu imepangwa hivyo hivyo. Namba ya mlangoni tutaiita anwani, na kilichomo ndani tutakiita thamani. Kila sanduku linabeba namba moja tu, kuanzia 0 hadi 255. Sarafu zako zina sanduku lao, afya ya mchezaji wako ina lake, dakika za mechi zina lake. Chiti yote, ukiivua mapambo, inasema: kwenye anwani hii, weka thamani hii.

Ugumu uko kwenye kujua anwani. Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na masanduku 8,192 ya kufanyia kazi. Game Boy Advance ya 2001 ina 294,912. PSP ya kwanza ina zaidi ya milioni 33. Hakuna orodha inayosema sarafu ziko sanduku gani, kwa sababu mtengenezaji hakuwa na haja ya kukuambia. Unazitafuta mwenyewe, na njia yake ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la sita anaweza kuifuata.

Tuseme unacheza na una sarafu 350. Unasimamisha gemu, unafungua kipengele cha kutafuta kwenye kumbukumbu, unaandika 350. Programu inakuletea kila mahali palipo na 350. Panaweza kuwa mahali kumi au mia, kwa kuwa namba hiyo inaweza kutumika kwa mambo mengine kabisa, kama umbali wa adui au rangi ya kitu kwenye skrini. Usiguse chochote. Rudi kwenye gemu ununue kitu, sarafu zishuke hadi 270. Simamisha tena, na sasa utafute 270 ndani ya yale majibu ya kwanza pekee. Mahali palipokuwa na 350 wakati ule na pana 270 sasa ni pachache sana. Ukirudia mara ya tatu, kwa kawaida pamebaki mahali pamoja tu au pawili.

Pakibaki pawili, wanaoanza hukwama. Gemu nyingi huweka namba halisi sehemu moja na nakala ya kuonyesha kwenye skrini sehemu nyingine. Ukibadilisha nakala, skrini itakuonyesha 9,999, utafurahi, kisha ukienda kununua kitu unaambiwa huna pesa, au namba inarudi ilivyokuwa baada ya kufumba na kufumbua. Ukibadilisha ile halisi, dukani unauziwa. Kwa hiyo kipimo ni kuitumia ile namba. Kuiona kwenye skrini hakutoshi. Likumbuke jambo hili la nakala, tutalirudia kwenye mambo ya pesa za kweli.

Na kama hakuna namba ya kuona? Afya ya mchezaji mara nyingi huonyeshwa kwa mstari mwekundu tu. Hapo unatafuta bila kujua thamani. Unaiambia programu ishike kila kitu, unarudi kwenye gemu unapigwa ngumi moja, halafu unaiambia: niletee zilizopungua. Unatembea kidogo bila kupigwa: niletee ambazo hazikubadilika. Unaokota dawa: niletee zilizoongezeka. Inachosha, sikatai, lakini kila hatua inapunguza maelfu. Kuna watu wanaoipenda kazi hii kuliko gemu yenyewe, na nawaelewa.

Ukishapata anwani, kuandika msimbo ni kazi ya karani tu. Kitu kimoja cha ziada unachohitaji ni namba za heksa. Sisi tunahesabu kwa kumi, zikiisha tunaongeza tarakimu. Heksa huhesabu kwa kumi na sita: baada ya 9 inakuja A kwa maana ya kumi, B kumi na moja, mpaka F ambayo ni kumi na tano. Hivyo 99 ya kawaida huandikwa 63, 255 huandikwa FF, na 9,999 huandikwa 270F. Huna haja ya kukokotoa kichwani, kikokotoo cha kompyuta kina sehemu ya kugeuza. Wanaokuambia chiti ni ya vipanga wa hisabati wanakutisha bure.

Tazama msimbo wa GameShark wa Game Boy, huu nimeutunga kwa mfano:

0163 5AC3

Zile mbili za mwanzo, 01, ni aina ya kazi. Zinazofuata, 63, ni thamani, yaani 99. Nne za mwisho ni anwani, ila imeandikwa kwa kugeuzwa: 5AC3 maana yake ni sanduku C35A. Kugeuza huku kunawasumbua wengi, na kunatoka kwenye tabia ya mashine yenyewe. Namba 350 haiingii kwenye sanduku moja, kwa kuwa sanduku linaishia 255. Kwa heksa ni 015E, hivyo hukatwa vipande viwili, 01 na 5E, kisha kile kipande kidogo, 5E, kinawekwa sanduku la kwanza na 01 linalofuata. Ukifungua kumbukumbu ya Game Boy Advance au PSP kwa macho, utaona 5E 01, siyo 01 5E. Ukilijua hili mapema umeokoa jioni nzima.

Kwenye PPSSPP msimbo huandikwa kwa mtindo wa CWCheat, programu ya chiti za PSP, na faili lake linasomeka hivi:

_S ULUS-00000
_G Jina la gemu
_C0 Sarafu 9999
_L 0x1012AB34 0x0000270F

Mstari wa kwanza ni kitambulisho cha gemu, wa pili jina lake, wa tatu jina utakaloliona kwenye orodha ya chiti. Sifuri baada ya C inasema chiti hii imezimwa. Ukiweka 1 inawaka yenyewe. Kazi yote iko mstari wa nne. Ile 0x ni alama tu ya kuonyesha kwamba namba ni ya heksa. Tarakimu ya kwanza baada yake ni upana: 0 huandika sanduku moja, 1 huandika mawili, 2 huandika manne. Zinazobaki ni anwani, ila imehesabiwa kutoka 08800000, mahali ambapo sehemu ya gemu kwenye kumbukumbu ya PSP huanzia. Kwa hiyo ukiwa umepata sanduku 0892AB34, unatoa 08800000 unabaki na 012AB34. Upande wa kulia ni thamani, 270F.

Upana huo si pambo. Ukitumia 2 mahali palipotaka 1, umeandika masanduku manne ilhali sarafu zinakaa kwenye mawili. Hayo mawili ya jirani umeyafuta, na huenda humo mlikuwa na idadi ya wachezaji wa timu yako. Gemu inaganda, na mtu anasimulia kijiweni kwamba chiti zinaua simu. Simu haina kosa. Ilichoandikiwa ni kumbukumbu ya muda, na ukizima gemu inafutika. Kinachoweza kuharibika kweli ni faili la kuhifadhi gemu, pale unapohifadhi mchezo ukiwa tayari umevurugika. Dawa ni kunakili faili hilo pembeni kabla ya kuanza majaribio.

Kuna jambo jingine linalozua ubishi: msimbo mmoja kwa rafiki unafanya kazi, kwako haufanyi, na gemu ni ile ile. Tazameni vitambulisho. Ikianza na ULUS ni toleo la Marekani, ULES ni la Ulaya, ULJM la Japani. Matoleo haya yanafanana kwenye skrini lakini masanduku yamepangwa tofauti. Msimbo wa moja ukiuweka kwenye jingine unaandika namba mahali ambapo hukujua pana nini.

Zipo pia gemu zinazojikinga, kwa kukusudia au kwa jinsi zilivyojengwa. Nyingine huhamisha vitu vyake kila hatua mpya inapofunguka, hivyo anwani ya jana leo ni tupu. Huko unatafuta sanduku lililobeba anwani ya sanduku jingine, na msimbo wake unakuwa mrefu zaidi. Pokémon FireRed na Emerald za Game Boy Advance zinachanganya pesa zako na ufunguo wa siri kabla ya kuzihifadhi, kwa hiyo ukitafuta 3,000 pale unaposoma 3,000 utahangaika. Hizi waachie waliokwisha kupata uzoefu.

Tumeshafika pale steji sasa. Chiti yote tuliyoijenga ilisimama juu ya sharti moja: sanduku liko kwenye kifaa chako. Gemu ya PSP haimuulizi mtu mwingine una sarafu ngapi. Inafungua sanduku lake, inaamini inachokikuta. Almasi za Free Fire, gemu ya kupigana mtandaoni, haziko hivyo. Sanduku lake liko kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali nawe, na simu yako imepewa karatasi ya kuonyesha tu. Unaweza kuitafuta ile namba kwenye kumbukumbu ya simu na kuiandika 99,999, na skrini ikakubali. Ukigusa kununua, seva inatazama sanduku lake, inakuta almasi nne, inakataa. Ndiyo ile nakala tuliyokutana nayo, safari hii halisi yake iko mbali na mkono wako.

Wafanyabiashara wa Malindi wanalijua hili kwa uchungu kupitia M-Pesa. Mtu anaweza kuihariri SMS ikasomeka umepokea 5,000, na salio lako lisisogee hata senti. Mwenye duka mwerevu hatazami ujumbe kwenye simu ya mteja, anatazama salio lake mwenyewe.

Aviator iko upande huo huo wa ukuta. Namba ambayo ndege itaondokea hutolewa kwenye seva, na simu inaletewa mchoro. Hakuna sanduku kwenye simu yako lenye namba ya mzunguko ujao, hivyo hakuna anwani, na pasipo anwani hakuna kitu cha kuandika wala kusoma. Anayekuuzia chiti yake anakuuzia hewa. Mara nyingine hewa hiyo inakuja kama programu ya kusakinisha, inayoomba ruhusa ya kusoma SMS zako, na hapo hasara inapita ile ada uliyolipa.

Kuna wanaouliza kwa haki: mbona kwenye gemu za mtandaoni wapo wanaowaona maadui nyuma ya ukuta? Ni kweli wapo. Simu lazima ijue adui yuko wapi ili imchore, kwa hiyo hiyo namba imo kwenye simu, na inaweza kusomwa. Kanuni haijavunjika. Ila huko kampuni huwinda akaunti hizo na kuzifunga, na unayemwibia ushindi ni mtu aliye upande wa pili.

Suala la wizi linawasumbua wazazi, na sheria imekwisha kulizungumzia. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba Game Genie haikuvunja hakimiliki ya Nintendo. Tarehe 17 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya Sony dhidi ya Datel, iliyohusu PSP hasa: chiti za gemu ya mashindano ya magari, MotorStorm: Arctic Edge, zilizompa mchezaji nguvu ya kasi isiyoisha. Mahakama ilisema kubadilisha thamani zinazokaa kwa muda kwenye kumbukumbu, bila kunakili wala kugusa programu ya gemu, hakuingii kwenye ulinzi wa sheria ya Ulaya ya programu za kompyuta. Hizo ni mahakama za wenzetu. Hapa Kenya tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo, pamoja na mengine, inakataza kuingia au kuvuruga mfumo wa mwingine bila idhini. Seva ya kampuni ni mfumo wa mwingine. Na kupakiwa gemu za wizi kwenye memori kadi kwa shilingi hamsini ni kosa la hakimiliki hata kama hujawahi kuandika msimbo mmoja.

Kwa maoni yangu, anayejipa sarafu akicheza peke yake hana aliyemdhulumu. Lakini vijana wakiweka dau la mechi, mshindi achukue, halafu mmoja ana msimbo wa wachezaji wasiochoka, huyo ni mwizi wa kawaida na apewe jina hilo.

Mwenye hamu ya kujaribu asianze na PSP. Masanduku ni mengi mno, na PPSSPP ya simu inafaa zaidi kutumia misimbo kuliko kuitafuta. Nenda saiba au kwa rafiki mwenye kompyuta, weka mGBA, emuleta ya Game Boy Advance ambayo ni ya bure na ina kipengele cha kutafuta kwenye kumbukumbu ndani yake. Tumia gemu iliyotolewa bure na mtengenezaji wake. Anguna ni mojawapo. Anza na namba unayoiona kwenye skrini na unayoweza kuipunguza kwa hiari yako, kisha mstari wa afya, na mambo ya ufunguo wa siri yaje mwisho. Kila anwani unayoipata iandike daftarini pamoja na jina la gemu, toleo lake na upana wa thamani. Bila hayo matatu, baada ya mwezi utakuwa na ukurasa wa namba usiojua zilikuwa za nini.